Kitabu cha Pili: Kumsoma Kezilahabi kwa Mpangilio

Swali ninaloulizwa kuliko yote na vijana wanaoandika ni hili: nifanyeje niwe mwandishi? Wengi wao wanataka kujua wapate wapi mchapishaji. Wachache wanataka kujua wafanyeje ili waandike vizuri kuliko wanavyoandika leo. Maswali haya yanatembea pamoja kama pacha, lakini ni mawili. La kwanza tunalijibu kila siku, kwenye semina, kwenye magrupu ya WhatsApp, kwenye uzinduzi wa vitabu. La pili tunalimaliza kwa neno moja: kipaji. Fulani anacho, fulani hana, basi.

Kipaji kipo, sibishi. Ila kipaji hakielezi kwa nini mtu huyohuyo, mwenye kichwa kilekile, aliandika kitabu fulani akiwa na miaka ishirini na saba na kitabu kingine kabisa akiwa na miaka arobaini na sita. Kitu kilitokea katikati. Kitu hicho ndicho ninachotaka tukitazame, na njia rahisi ninayoijua ni kumchukua mwandishi mmoja, kuvipanga vitabu vyake kwa miaka ya kutoka, na kuvisoma kimoja baada ya kingine bila kuruka. Nimefanya hivyo kwa Euphrase Kezilahabi. Nimemchagua kwa sababu wengi wetu tunamjua vipandevipande: riwaya moja ya shuleni, mashairi mawili matatu ya mtihani, na jina la Nagona tunalolitaja kwa heshima ya mbali, kama mlima ambao hatukuupanda.

Tuanze na Rosa Mistika, 1971. Mwandishi ni kijana wa Ukerewe aliyezaliwa 1944. Rosa ni binti wa Namagondo ambaye baba yake, Zakaria, anamlinda kwa fimbo na ukali mpaka binti anakua bila kujua namna ya kuzungumza na mwanamume. Akishatoka nyumbani kwenda kusoma, ulinzi unabaki kijijini na Rosa anaingia duniani mikono mitupu. Mwisho wake tunaujua: anajiua. Kitabu kilipigwa marufuku mashuleni, kisha miaka ikapita, kikaingia kwenye orodha ya vitabu vya fasihi vya sekondari. Ndiyo maana wengi tumekisoma tukiwa na sare.

Kisome sasa hivi, ukiwa huna mtihani, na utaona mambo mawili kwa wakati mmoja. La kwanza ni nguvu. Sentensi ni fupi, hazijipambi, na mwandishi hamwogopi mtu: si mzazi, si mwalimu, si padri. La pili ni ugeni wa mkono. Msimulizi anajua kila kitu na kunyamaza hawezi. Anatuonyesha kosa, halafu anatushika bega na kutuambia ni la nani. Matukio yanakimbizana: mapenzi, mimba, kuitoa, aibu, na hujamaliza kumlilia huyu, yule ameshafika. Mwishoni vifo vinarundikana. Ungekuwa mswada wa kijana aliyenitumia jana, ningempigia simu usiku huohuo kumwambia ana kitabu, na asubuhi yake ningemrudishia ukiwa umejaa alama za kalamu.

Hapa ndo pa kusimama kidogo, maana hapa ndipo kazi ya uandishi inapoamuliwa. Mtu ametoa kitabu cha kwanza. Kimezua kelele, jina lake linajulikana. Afanye nini? Jibu ambalo soko linampa ni jepesi: andika Rosa mwingine. Mpe jina jipya, mhamishie mkoa mwingine, mharibu, muue. Wasomaji wapo tayari. Nimesoma waandishi wetu wa kutosha waliolipokea jibu hilo. Wana vitabu sita, na ukivifunika majalada huwezi kuvitofautisha.

Miaka mitatu baadaye, 1974, Kezilahabi alitoa Kichwamaji. Kwa mada, hakwenda mbali. Ni Ukerewe tena, kijana aliyesoma tena, familia inayobomoka, na kifo cha kujiua tena. Mtu mvivu angesema amejirudia. Lakini amebadilisha kitu kimoja, na hicho kimebadilisha kila kitu: amemwondoa yule msimulizi mjuaji. Sasa anayezungumza ni Kazimoto mwenyewe, mwanafunzi wa chuo kikuu, kwa nafsi ya kwanza.

Angalia matokeo yake. Katika Rosa Mistika, Rosa akikosea tunaye mtu wa kutuambia kosa limetoka wapi. Katika Kichwamaji hatuna. Kazimoto ana kisasi moyoni dhidi ya Manase, rafiki aliyemharibia dada yake, na anatusimulia kisasi hicho kwa utulivu wa mtu anayeeleza njia ya kwenda sokoni. Tunalazimika kumsikiliza, kumhurumia, kumchukia, na kuamua wenyewe. Mara anafikiri vizuri kuliko sisi, mara anafikiri ovyo, na hakuna wa kutukonyeza. Yale mahubiri yaliyokuwa yakitoka mdomoni mwa msimulizi yamegeuka maswali yanayomtafuna mhusika kichwani. Ni mwandishi yuleyule, kijiji ni kilekile, chombo ndicho kipya.

Mimi naamini kuwa mwandishi hukua hivyo. Hakui kwa kuongeza maneno magumu wala kwa kutafuta mada kubwa zaidi. Hukua pale anapotambua kuwa kitabu chake cha kwanza kilishindwa kufanya jambo fulani, na kwamba kushindwa huko kulitokana na namna ya kusimulia, halafu akaibadilisha namna hiyo ingawa ile ya zamani ilikuwa bado inauza. Ndiyo maana nikipewa kitabu cha kwanza cha mtu nakifurahia, lakini hukumu naiweka akiba mpaka nione cha pili.

Mwaka huohuo wa 1974 alitoa pia Kichomi, diwani yake ya kwanza, na huko akagusa mzinga wa nyuki. Ushairi wa Kiswahili una kanuni zake za vina na mizani, na tangu 1954 Amri Abedi alikuwa ameziandika katika Sheria za Kutunga Mashairi, kitabu ambacho mpaka leo sikijui kingine kilichofundisha ufundi kwa uwazi kama kile. Kezilahabi akaandika mashairi yasiyofuata vina wala mizani. Wanajadi wakasema huo si ushairi, wengine wakamtetea, na mjadala ukachukua miaka. Sitaki kuurudia hapa, tumeuimba mpaka umechuja. Ninachotaka mkitazame ni kwamba hakuvunja kanuni kimyakimya. Alitanguliza maelezo kitabuni, akatoa sababu, akasimama nazo wakati anapigwa.

Nalisema hili kwa sababu siku hizi mashairi huru yamekuwa kimbilio. Kijana anakuletea mistari iliyokatwakatwa, ukimuuliza kwa nini umekata hapa, anasema, "Aa, hili ni huru." Huru kutoka wapi? Ukitaka kujua kama mtu ameacha mizani kwa hiari au kwa sababu haijui, mwombe akuandikie beti tatu za tarbia. Akiziandika, mwache akate mistari anavyotaka. Akishindwa, mrudishe kwa Amri Abedi kwa miezi sita. Hilo halina uhusiano na kuwa mwanajadi. Fundi seremala anayeamua kutotumia misumari lazima ajue viungo vya mbao, la sivyo kiti kitamwangusha mgeni.

Sasa, alijifunza wapi? Swali hili ndilo linalorukwa tunapozungumzia kazi ya mwandishi. Sehemu ya jibu imo katika jambo ambalo wasomaji wengi wa riwaya zake hawalijui: mwaka 1976 Kezilahabi alikamilisha tasnifu ya uzamili katika Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, na mada yake ilikuwa riwaya za Shaaban Robert. Yaani mtu ambaye tayari alikuwa na riwaya tatu sokoni alikaa chini kumsoma mkubwa wake, kitabu kwa kitabu, kama mhakiki.

Na mkubwa mwenyewe alikuwa mtu wa namna gani? Shaaban Robert alizaliwa 1909, akafanya kazi ya ukarani wa forodha kwa miaka mingi, akatuma mashairi yake kwenye gazeti la Mambo Leo, akaandika usiku na siku za mapumziko. Alikufa 1962, na Kufikirika na Utubora Mkulima vilitoka baada ya yeye kuzikwa. Wale mnaolalamika kwamba mchapishaji amekaa na mswada miezi minane, mkumbukeni huyu.

Wawili hawa wanatofautiana kama usiku na mchana. Shaaban Robert anajenga nchi zisizokuwepo, Kusadikika inayoning'inia hewani na Kufikirika ya kufikirika tu, halafu anawapa wahusika majina yanayotangaza tabia zao. Mwema ni mwema, mbaya ni mbaya, na hukumu ipo mwisho wa safari. Riwaya za mwanzo za Kezilahabi ni kama jibu la kila kipengele: kijiji halisi kilichopo kwenye ramani, baba mlevi badala ya mfalme, na wahusika ambao wema na ubaya wao umechanganyika kama mchele na chuya. Ni vigumu kuamini kuwa hilo lilitokea kwa bahati. Mtu hawezi kukataa vizuri hivyo kitu asichokijua.

Kwa hiyo, ukiniuliza kozi ya uandishi, nitakwambia hivi: chagua mwandishi mmoja aliyekutangulia, msome wote, halafu bishana naye kwa kuandika. Mmoja tu. Kumi utawaiga bila kujijua. Mmoja ukimsoma wote utaona na uchovu wake, mahali alipojirudia, mahali alipoogopa. Hapo ndipo nafasi yako ilipo.

Ukuaji wenyewe, hata hivyo, haupandi kama ngazi. Baada ya Kichwamaji ikaja Dunia Uwanja wa Fujo, 1975, ambamo Tumaini anatangatanga, anatajirika, anagongana na siasa ya ujamaa na kuishia kwenye kitanzi. Kisha Gamba la Nyoka, 1979, kuhusu watu wanaohamishiwa vijiji vya ujamaa. Vitabu hivi vina upana. Vinagusa jambo lililokuwa linatikisa nchi nzima wakati huohuo linapotokea, na kumuuliza serikali maswali ya namna ile miaka ile hakukuwa mchezo. Lakini kwangu mimi, mtu mmojammoja amepungua. Katika Gamba la Nyoka nawaona wanakijiji kama kundi, wenye upande huu na wenye upande ule. Sioni kichwa cha mtu kikiwaka moto jinsi kilivyowaka kichwa cha Kazimoto. Mwandishi amepata uwanja mpana, akalipa kwa kina. Naamini aliliona mwenyewe, kwa sababu ya kile kilichofuata.

Kilichofuata ni kimya. Kati ya 1979 na 1990 hakutoa riwaya. Miaka kumi na moja! Kwa hesabu za leo, ambapo ukikaa wiki mbili bila kuweka kitu mtandaoni watu wanauliza kama uko hai, hiyo ni sawa na kufa na kuzikwa. Ila hakuwa amelala. Alifundisha, akaenda Marekani, akapata shahada ya uzamivu Chuo Kikuu cha Wisconsin mwaka 1985 kwa kazi iliyohusu falsafa ya Kiafrika na namna tunavyoifasiri fasihi. Mwaka 1988 akatoa diwani ya pili, Karibu Ndani.

Halafu ikaja Nagona, 1990, na Mzingile, 1991. Vitabu vyembamba, kila kimoja hakifiki kurasa mia. Ukerewe haimo. Mtu anasafiri mahali pasipo na jina la kwenye ramani, anakutana na wazee, wafu, wanafikra wa zamani, sauti. Muda haunyooki. Ukitafuta kisa cha kumsimulia mwenzio kijiweni, hukipati.

Ninaposoma vitabu kwa mpangilio ndipo ninapoona jambo ambalo sikuliona nilipokuwa nasoma Nagona peke yake. Kezilahabi amerudi kwa Shaaban Robert. Ameiacha Namagondo na kurudi kwenye nchi isiyokuwepo, ileile aina ya nchi aliyoikataa miaka ishirini nyuma. Tofauti ni kwamba amerudi huko bila hakimu. Kusadikika ina mahakama, na ukweli unashinda. Katika Nagona ukweli wenyewe ndio unaotafutwa, na njia inajizungusha. Kubishana na mkubwa kumemchukua miaka ishirini, na mwisho amekaa ndani ya nyumba ya mkubwa huyo akiwa amezing'oa milango yake. Angeanza na Nagona mwaka 1971 tungeiita fujo. Tunaivumilia, na wengine tunaipenda, kwa sababu tunajua mikono hiyo ilishajenga nyumba za kawaida zikasimama.

Je, ilimgharimu? Ndiyo, na tusidanganyane. Nagona ilimpotezea wasomaji. Watu waliolia na Rosa hawakumfuata huko. Wapo wanaosema huo si ukuaji, ni mtu kuwakimbia watu wake na kwenda kuzungumza na maprofesa wenzake. Hoja hiyo nzito, siwezi kuipuuza. Mwaka huohuo wa 1990 Ben Mtobwa alitoa Dar es Salaam Usiku, na ukienda leo mtaani kuuliza ni kipi kilisomwa kwenye daladala kati ya hivyo viwili, sidhani kama utahitaji kufanya utafiti.

Na Mtobwa simtaji ili nimcheke. Alikuwa fundi wa aina yake. Alijua ukurasa uishie wapi ili mkono ufunue unaofuata, na ufundi huo wengi wa vyuoni hawauwezi. Tena alijichapisha mwenyewe kupitia Heko, yaani aliishika kazi yake kwa mikono miwili, kuandika na kuuza. Ukisema unataka kazi ya uandishi, hao wawili ni njia mbili za kweli. Mmoja aliishi kwa mshahara wa ualimu, na mshahara huo ndio ulioinunua Nagona. Mtu anayesubiri hela ya kitabu ili alipe kodi ya nyumba haandiki kurasa sabini zisizo na kisa. Mwingine alitaka kalamu imlishe, kwa hiyo ilibidi kila kitabu kimkamate msomaji kuanzia mstari wa kwanza. Hapa pesa iliamua umbo la sentensi. Nashangaa kwa nini tunapofundisha uandishi hatulisemi.

Kinachonitia wasiwasi ni njia ya tatu, ambayo sasa hivi ndiyo yenye msongamano: kuandika kwa ajili ya orodha ya shule. Naielewa. Kwa Kiswahili, kitabu kikiingia shuleni ndipo kinapouzwa kwa maelfu. Lakini nimesoma miswada ambayo inaonekana imeandikwa huku mtu akiwa na maswali ya mtihani mezani: dhamira hizi hapa, mhusika bapa huyu hapa, tamathali moja kwa kila ukurasa. Kumbukeni Rosa Mistika. Kitabu kilichokuja kuwa cha shule ndicho kilichofukuzwa shule kwanza. Hakikuandikwa kupendeza orodha, ni orodha iliyokifuata.

Tuzo nazo ni hivyohivyo. Tangu 2015 tumekuwa na tuzo ya Mabati-Cornell, ambayo sasa inabeba jina la Safal, na tangu 2023 Tanzania inatoa Tuzo ya Taifa ya Mwalimu Nyerere ya Uandishi Bunifu. Nazifurahia, pelekeni miswada. Fedha yake ni fedha, na mlango wa mchapishaji unafunguka. Ila angalieni kinachotokea baada ya hapo. Wapo washindi ambao bado tunasubiri kitabu chao kinachofuata, na wapo ambao kinachofuata ni kilekile kilichoshinda, kimebadilishwa shati.

Kezilahabi alifariki Januari 2020, akiwa ameacha diwani moja zaidi, Dhifa ya 2008, yaani aliendelea kuandika hata baada ya kuwa na umri wa kustaafu. Sisemi kila mtu aishie kwenye Nagona. Mimi mwenyewe, mkinibana, nitasema Kichwamaji ndicho kitabu chake bora, na Nagona nitairudia kwa shida. Lakini Kichwamaji kisingekuwepo kama mtu yule angeridhika na kelele za 1971.

Kwa hiyo kama umemaliza mswada wa kwanza, hongera, mpelekee mchapishaji, mpelekee na mwenzako mkali asiyekuogopa. Wakati unasubiri majibu, usiuguseguse. Chukua daftari jingine, andika sentensi moja: katika kitabu kile nilishindwa kufanya nini? Kama jibu ni "hakuna," subiri mwezi, uulize tena. Likija jibu la kweli, kwamba msimulizi wako anaongea mno, kwamba wanawake wako wote wanasema kwa sauti moja, kwamba hujui kumaliza, basi hiyo ndiyo kazi ya kitabu cha pili. Kianze.